Jino la Bandia Lililobanduka

Anayetaka kupima ustadi wa fundi wa meno ya bandia asianze na weupe wa meno wala mng'aro wa ufizi. Aangalie pale jino lilipobanduka. Tundu likiwa laini kama limepigwa msasa, lenye umbo kamili la kitako cha jino, basi jino na akriliki, ile plastiki ya ufizi, vilikaa pamoja bila kushikana. Lakini vipande vya jino vikiwa vimeng'ang'ania tunduni, au akriliki ikiwa imebaki kwenye jino, muungo ulikuwa imara na kilichoshindwa ni malighafi yenyewe. Kinachounganisha si gundi. Monoma, ule umajimaji wenye harufu kali, hulainisha kitako na kupenya ndani yake. Joto likija, minyororo ya akriliki mpya husukana na ya jino. Hapo ndipo nta inapoharibu kazi. Meno hupangwa juu ya nta, kisha nta huyeyushwa kwa maji ya moto, na utando usioonekana ukibaki kitakoni, monoma haina pa kupenya. Fundi makini humwagia tena maji safi yanayochemka, hukwangua mng'aro wa kitako, hukilowesha kwa monoma, na dawa ya kutenganisha huipaka kwenye plasta ya kalibu tu, isiguse jino.

Wapo watakaosema lawama ni ya meno yenyewe. Wana hoja: jino lililoimarishwa sana lisisagike hukataa monoma, na la kauri halishikani kabisa na akriliki, ndiyo maana huwekewa pini au matundu. Ila meno mengi ya plastiki huachwa laini zaidi upande wa kitako, makusudi yashike, na uchafu huufuta ubora huo wote. Wengine hutegemea kuchonga mfereji kitakoni. Unasaidia ukiwa safi. Ukibakiza nta, umeongeza maficho ya adui. Akriliki inayoganda bila kupikwa nayo hushika kwa udhaifu zaidi, kwa kuwa monoma haipati joto la kuisukuma ndani; naikubali kwa matengenezo, si kwa seti mpya.

Kabla jino halijatoka, chunguza shingo za meno ya mbele, yenye vitako vidogo na yanayosukumwa nje kila mtu anapouma. Mstari wa kahawia wa chai kuzunguka shingo huashiria mwanya. Likishatoka, usilibandike kwa gundi ya dukani: lifunge kwenye kitambaa, ulipeleke pamoja na seti yake, fundi azione nyuso zote mbili zikiwa hazijaguswa.