Sauti ya Marehemu ni Amana

Matanuru marefu ya udongo yaliyotumika kuyeyushia chuma yangali yanaonekana mahali mahali katika uwanda wa Ufipa. Kazi yenyewe ilikoma katika karne ya 20. Udongo umebaki, lakini sauti za watu walioifanya kazi hiyo zimetoweka. Mwimbaji aliyerekodiwa yu katika hali nyingine: yeye hufa, na sauti yake hubaki mikononi mwa watu wengine. Swali linalotukabili ni hili: watu hao wana wajibu gani juu ya sauti hiyo?

Iko kazi moja ambayo, kwa maoni yetu, imelijibu swali hili vema. Mwimbaji wa Marekani Huddie Ledbetter, aliyejulikana kwa jina la Lead Belly, alirekodiwa mwaka 1948 huko New York, nyumbani kwa Frederic Ramsey. Alifariki Desemba 1949, na mkusanyo huo, Last Sessions, ulitolewa na Folkways mwaka 1953. Jioni ya kwanza alikuja bila gitaa lake. Akaimba hivyo hivyo, na nyimbo hizo zikatolewa kama zilivyo. Utepe uliachwa uzunguke hata kati ya wimbo na wimbo. Kwa hiyo twamsikia akieleza asili ya nyimbo zake, na sauti ya mkewe Martha imo pia. Anayependa usafi wa studio ataona hayo kuwa dosari. Sisi twaona kwamba hiyo ndiyo thamani yake, kwa kuwa wimbo haukutengwa na mtu wake.

Hapa kwetu tunaye Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma na mwalimu wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, aliyefariki tarehe 30 Desemba 2003. Katika Chibite (1996) yeye na Charles Zawose waimba kwa ilimba na zeze. Katika Assembly (2002) Michael Brook ameongeza gitaa na mitambo ya kisasa. Sikio letu huvutwa zaidi na ile ya kwanza. Hata hivyo, yatupasa kuhukumu kwa haki: Zawose alikuwa hai, alishiriki, na angeweza kukataa. Marehemu hawezi kukataa. Jambo lililo ushirikiano kwa aliye hai laweza kuwa unyang'anyi kwa aliyekufa. Mwaka 2024 bintiye Pendo na mjukuu wake Leah walitoa Maisha. Wamemrithi mzee kwa kuimba kwa sauti zao wenyewe, pasipo kuigeuza yake.

Mambo haya si mageni kwa mchungaji wa Sumbawanga. Siku moja huenda akaletewa kaseti ya mzee aliyemzika, iliyojaa nyimbo za Kifipa ambazo hazijatolewa kamwe, huku vijana wa kwaya wakitaka kuzitilia kinanda na kuziuza. Twashauri mambo matatu. Kwanza, jina la mwimbaji, mahali na tukio la wimbo viandikwe wakati wanaokumbuka wangali hai. Pili, wafiwa waulizwe, na kama kuna mapato, wapewe haki yao. Tatu, nakala isiyoguswa ihifadhiwe kwanza, pamoja na vikohozi na mazungumzo yake. Kinanda chaweza kungoja. Kikitiwa juu ya nakala pekee iliyopo, hakuna atakayeweza tena kumsikia mzee yule alivyokuwa.