Herufi za Njiani: Uhakiki wa Maandishi ya Vituo vya Usafiri

Wahakiki wa lugha wamezoea kushughulika na maandishi yanayosomwa na mtu aliyeketi. Riwaya, tamthilia, shairi na hata gazeti humkuta msomaji akiwa na wasaa. Akipotewa na maana ya sentensi aweza kurudi nyuma na kuisoma tena. Lakini yapo maandishi mengine yasomwayo na watu wengi kila siku, ambayo uhakiki wa Kiswahili haujayashughulikia ipasavyo. Hayo ni maandishi ya vibao vya stesheni, vya viwanja vya ndege na vya vituo vya mabasi. Msomaji wake yumo mwendoni, ana mzigo mkononi, pengine ana mtoto mgongoni, naye huyatupia jicho mara moja tu. Asipoyaelewa kwa mara hiyo moja, hupotea njia au huachwa na gari.

Makala haya yanadai kwamba ubora wa maandishi ya aina hii hautokani na uzuri wa sura ya herufi peke yake, bali hutokana na jinsi mtungaji alivyomfahamu msomaji wake pamoja na lugha ya msomaji huyo. Mifano ya London, New York na Mexico City itachunguzwa kwanza, kwa kuwa historia yake inajulikana vyema. Kisha hoja itarejeshwa kwenye Kiswahili, ambacho kina matatizo yake yenyewe yasiyoweza kutatuliwa kwa kuazima herufi za wengine.

London: herufi na kalamu

Mwanzoni mwa karne ya 20, kuta za stesheni za reli ya chini ya ardhi mjini London zilikuwa zimejaa matangazo ya biashara. Jina la stesheni lilikuwa limemezwa na matangazo hayo, na abiria aliyechungulia dirishani hakuweza kulipambanua upesi. Mwaka 1908 lilianza kutumika duara jekundu lililokatwa na ukanda wa buluu wenye jina la stesheni. Mwaka 1913 Frank Pick, aliyekuwa akisimamia matangazo ya reli hiyo, alimwomba Edward Johnston abuni herufi zitakazokuwa za reli hiyo pekee. Herufi hizo zilianza kutumika mwaka 1916.

Yafaa izingatiwe kwamba Johnston hakuwa mtu wa mitambo ya chapa. Alikuwa bingwa wa khati, mwalimu wa kuandika kwa kalamu ya ncha pana, ambaye mwaka 1906 alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu mashuhuri juu ya sanaa hiyo. Aliziondolea herufi zake vile vikia vidogo vya kwenye ncha ambavyo wachapaji walivizoea, lakini uwiano wa herufi kubwa aliuchukua katika maandishi ya mawe ya Warumi wa kale. Herufi O yake ni duara karibu kamili. Nukta ya herufi i ni mraba uliosimamishwa kwa pembe yake, kama alama iachwayo na kalamu pana inapogusa karatasi. Herufi ndogo l ina mkia uliopinda, ili isidhaniwe kuwa ni herufi kubwa I wala tarakimu 1.

Katika mambo hayo mhakiki aweza kutenganisha lile lililo pambo na lile lililo huduma. Nukta yenye pembe haimfikishi abiria popote. Ni kumbukumbu ya mkono wa mwandishi, nayo inapendeza. Mkia wa herufi l ni jambo jingine kabisa. Umewekwa kwa sababu mtungaji alikwisha kujiuliza ni wapi msomaji atakosea. Aidha, herufi za Johnston zilitungwa kwa ajili ya vibao na mabango, na hazikufaa vyema katika chapa ndogo. Ndiyo maana mwaka 1979 Eiichi Kono alizichora upya, na mwaka 2016, zilipotimiza miaka 100, zikarekebishwa tena. Kwa hiyo kudumu kwake kumetokana pia na kukubali kusahihishwa.

New York: kanuni kabla ya sura

Mjini New York mambo yalikuwa magumu zaidi. Reli ya huko iliundwa kwa kuunganisha mitandao mitatu mnamo mwaka 1940, na kila mtandao ulileta vibao vyake. Katika miaka ya 1960 Bob Noorda na Massimo Vignelli, wa kampuni ya Unimark, walipewa kazi ya kurekebisha hali hiyo. Noorda alikuwa tayari amesanifu vibao vya reli ya Milano, iliyofunguliwa mwaka 1964. Mwaka 1970 ulitolewa mwongozo wao wa kanuni za vibao.

Herufi zilizochaguliwa, zilizojulikana huko kwa jina la Standard, zilikuwa za kawaida tu, zenye asili ya Ujerumani, na hazikubuniwa kwa ajili ya reli. Mchango mkubwa wa mwongozo ule ulikuwa kanuni moja: abiria apewe habari pale tu anapolazimika kuamua aelekee wapi, isiwe kabla yake wala baada yake. Kanuni hiyo inaelekea zaidi kwenye utunzi kuliko kwenye uchoraji. Ni sawa na kanuni ya msimulizi stadi, ambaye humtaja mhusika pale hadithi inapomhitaji.

Hata hivyo, utekelezaji wake ulikwenda kombo. Vibao vipya vilitundikwa ilhali vya zamani havikuondolewa, na kwa miaka mingi abiria wa New York alikabiliwa na sauti nyingi kwa pamoja. Mwaka 1989 herufi za Helvetica zilifanywa kuwa rasmi mahali pa zile za Standard. Sura za herufi hizo mbili zakaribiana mno. Basi ni vigumu kudai kwamba mabadiliko hayo ya herufi ndiyo yaliyomwokoa msafiri. Kilichohitajika ni uvumilivu wa kung'oa kibao kimoja kabla ya kutundika kingine.

Mexico City: picha inayofasiri

Reli ya Mexico City ilifunguliwa mwaka 1969, wakati ambapo watu wasiojua kusoma walikuwa bado wengi nchini humo. Lance Wyman alisanifu picha moja kwa kila stesheni, ili hata asiyejua herufi aweze kusema ashukie wapi. Kwa wanaisimu, mfano wa stesheni ya Chapultepec una mvuto wa pekee. Jina hilo ni la lugha ya Kinahuatl, na maana yake ni kilima cha panzi. Picha yake ni panzi. Abiria anayesema Kihispania tu, asiyejua kisomo wala Kinahuatl, husafiri kwa tafsiri ya neno la wenyeji wa kale bila kuambiwa. Kibao hicho kinamwongoza abiria na papo hapo kinahifadhi lugha.

Tatizo la mwanzo wa neno katika Kiswahili

Kutokana na mifano hiyo, yafaa iulizwe Kiswahili hukaaje kibaoni. Kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010, Kiswahili ni lugha ya taifa ya Kenya na mojawapo ya lugha mbili rasmi, pamoja na Kiingereza. Lakini urasmi wa Katiba hautoshi ikiwa Kiswahili kitawekwa kibaoni kama kivuli cha Kiingereza, yaani tafsiri iliyobandikwa chini ya kibao kilichokwisha kupangwa kwa lugha nyingine.

Kiswahili ni lugha ya viambishi awali. Mwanzo wa neno mara nyingi hubeba ngeli au nafsi, na maana inayolitofautisha neno hilo na jingine huja baadaye. Kwa msomaji aliyeketi jambo hilo si tatizo. Kwa msomaji aliye mwendoni ni tatizo kubwa. Zichunguzwe kwa mfano jozi zifuatazo.

Wanawake na Wanaume. Maneno haya huandikwa milangoni mwa vyoo. Yanashirikiana herufi nne za mwanzo na pia herufi ya mwisho. Moja lina herufi nane, jingine saba.

Wanaowasili na Wanaoondoka. Maneno haya yanashirikiana herufi tano za mwanzo, na kila moja lina herufi 11. Yakikatwa yakawa Kuwasili na Kuondoka, bado yana silabi moja ya mwanzo na kila moja lina herufi nane.

Mlango wa Kuingilia na Mlango wa Kutokea. Hapa msomaji hupita herufi kumi kabla ya kufikia tofauti yoyote.

Kuna jambo la pili. Jock Kinneir na Margaret Calvert, walioandaa vibao vipya vya barabara kuu za Uingereza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, waliyaacha maandishi ya herufi kubwa tupu wakatumia herufi ndogo baada ya ile ya kwanza. Hoja yao ilikuwa kwamba herufi ndogo, kwa vile nyingine hupanda juu na nyingine hushuka chini, hulipa neno umbo lake la pekee. Hoja hiyo ikipimwa kwa Kiswahili matokeo si mazuri. Katika neno Wanaume, baada ya herufi ya kwanza hakuna hata moja inayopanda wala inayoshuka. Katika Wanawake ni k peke yake inayopanda. Maneno yote mawili ni mistari bapa. Wataalamu wa saikolojia ya usomaji wa siku hizi wanatilia shaka fikra ya umbo la neno, wakisema kwamba jicho hutambua herufi zenyewe. Lakini hata wao wakiwa na haki, herufi za mwanzo zinazofanana hazipungui.

Jambo la tatu ni zile herufi i na l, ambazo hujitokeza mara kwa mara katika Kiswahili. Mtu akiandika Kilifi kwa herufi zisizo na mkia, baada ya K hupata safu ya vijiti vitano vilivyosimama. Kumbe mkia alioutia Johnston kwa ajili ya majina ya Kiingereza ungefaa zaidi huku pwani!

Yawezekana kupinga kwamba Kiingereza nacho kina matatizo kama hayo. Pingamizi hilo ni la haki. Reli ya London hutumia maneno mawili kwa mlango wa kutokea, na la kwanza ndilo hilo hilo lingetumika kwa mlango wa kuingilia. Lakini wasanifu wa London waliisaidia lugha yao kwa rangi: vibao vya kutokea huwa vya manjano, hivyo abiria huijua njia kabla ya kusoma. Kwa hiyo ufanano wa maneno ni jambo la kufikiriwa mapema, kabla kibao hakijakwenda kwa fundi.

Nafasi ya wanaisimu

Hapa ndipo msanifu anapomhitaji mwanaisimu. Mtu mwenye haraka ya kufupisha angeweza kupendekeza Ingia na Toka. Maneno hayo ni mafupi na yanatofautiana tangu herufi ya kwanza. Lakini Toka, ikiandikwa peke yake, ni amri ya kumfukuza mtu, na mzee wa heshima akikutana nayo ukutani hatafurahi. Matokeo ni neno lenye maana nyingine kabisa. Ndani na Nje huenda yakafaa, maana ni mafupi, hayana ukali, na herufi ya pili huyatenganisha. Vivyo hivyo urejeshi wa kale wa Wafikao na Waondokao, ambao wengi huuona kuwa ni wa kishairi, hupunguza urefu wa maneno na kuleta tofauti mapema. Mapendekezo haya yanahitaji kujaribiwa mbele ya wasafiri, lakini yanaonyesha kwamba sarufi ina akiba ambayo msanifu haijui.

Aidha, kuna maarifa ya hapa nyumbani ambayo hayafai kudharauliwa. Matatu ya Kenya hubeba maandishi ya aina mbili. Yale ya ubavuni, yenye rangi na vikorombwezo, humvutia kijana apande. Ukanda wa manjano ulioletwa na kanuni zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004 hutaja njia ya gari. Nambari za njia nazo zimekuwa msamiati: mkazi wa Nairobi akisikia 46 huelewa Kawangware, na akisikia 111 huelewa Ngong. Nambari hazina viambishi awali, na hutofautiana mara moja. Makanga huongeza sauti yake mlangoni, na kwa asiyejua kusoma sauti hiyo hufanya kazi ambayo Mexico City ilimpa panzi. Mhakiki anayeona fujo tu katika matatu hajaisoma matini yote.

Hitimisho

London ilitunga herufi, New York ilitunga kanuni, Mexico City ilitunga picha. Palipofanikiwa, mtungaji alianza kwa kumtazama msomaji na mahali anapokosea. Kuhamisha Helvetica hadi kwenye stesheni ya Afrika Mashariki ni rahisi, maana herufi hununuliwa. Jibu la swali la Wanawake na Wanaume halinunuliwi; ni lazima litafutwe na wenye lugha. Idara za Kiswahili zimefanya kazi kubwa ya kusanifu istilahi za sayansi na utawala. Istilahi za mlangoni na jukwaani zinastahili bidii ile ile, na zipimwe kwa umbali, kwa mwendo na kwa adabu, siyo kwa usahihi wa kamusi peke yake. Mama aliye na mzigo kichwani, anayetafuta basi la mwisho la jioni, ni msomaji wa Kiswahili sawa na mwanafunzi aliye maktabani. Kwake yeye, neno lisilosomeka upesi ni gari lililokwisha kuondoka.