Aqal Si Kibanda

Kuna neno moja ambalo likiingia kwenye hadithi zetu za Garissa hutoka limechakaa: aqal. Mwandishi wa Nairobi huliandika "kibanda". Mwingine, akihisi kibanda ni kama matusi, anaandika "manyata", kana kwamba Wasomali na Wamaasai wanaishi boma moja.

Tuanze na kitu chenyewe. Aqal ni nyumba ya wafugaji wa Kisomali: fito zilizopindwa, juu yake mikeka iliyosukwa kwa mkono. Wanawake ndio wanaosuka, ndio wanaojenga, na siku ya kuhama ndio wanaoibomoa na kuipakia juu ya ngamia. Kibanda ni mahali pa kujishikiza tu, pa kuuzia nyanya au kuchomea mahindi. Ukiandika "aliingia kibandani mwake", umemgeuza mwenye nyumba kuwa skwota kwa neno moja.

Sasa lihamishe neno hilo uone. Aqal gal, yaani kuingia aqal, ni harusi. Kule Mogadishu, Aqalka Sare ni baraza la juu la bunge, na hakuna mhariri atakayethubutu kuliita Kibanda cha Juu. Waholanzi nao wana kamer, chumba cha kawaida cha kulipia kodi kama keja yako ya Roysambu. Lakini Tweede Kamer, neno kwa neno "chumba cha pili", ni baraza la bunge lao lenye wabunge 150. Kiswahili je? Mwambie mkeo una nyumba ndogo Ruiru, uone kama atauliza ina vyumba vingapi.

Kwa hivyo kamusi haina kosa. Neno hupata maana kwa mahali lilipo na kwa anayelisema. Shida ni mwandishi anayelitazama akiwa kwenye dirisha la basi.

Mbona nalivalia njuga jambo dogo hivi? Kwa sababu Garissa mtaa huitwa bulla, na Novemba 1980 vikosi vya usalama vilichoma Bulla Karatasi. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 imeyaandika hayo. Sisemi nyumba za pale zilikuwa aqal. Nasema hivi: ukisoma kwamba "vibanda" viliungua, unafungua ukurasa unaofuata, maana kibanda kitajengwa tena kesho. Ukisoma kwamba nyumba za watu ziliungua, unasimama. Unauliza ni za nani, na wenyewe walilala wapi usiku huo.

Ushauri wangu ni mdogo tu. Acha aqal ibaki aqal. Msomaji aliyejua "keja" bila kufunguliwa kamusi ataelewa hii pia, bora umwonyeshe mama akisuka mkeka. Na kama ni lazima utafsiri, neno tunalo tangu zamani: nyumba.