Kicheko cha Mia Mbili

Bonanza lilikuwa la kuchangia madawati ya shule moja ya msingi hapa Magu. Kulikuwa na kuvuta kamba, kukimbiza kuku, mpira wa maveterani, na chini ya mwembe mashindano ya drafti ya vizibo vya soda, kiingilio shilingi 2,000. Fulana za kamati zilikuwa na uso wa King Majuto. Waliamua siku hiyo iwe ya kumuenzi, na kwa kuwa mimi huandika kuhusu filamu, wakaniomba niseme maneno mawili matatu kabla ya fainali ya drafti.

Nilisema yale ya kawaida. Kwamba jina lake halisi ni Amri Athumani, alizaliwa Tanga mwaka 1948, alianza kuigiza jukwaani akiwa bado mtoto, alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018, akazikwa kwao Tanga. Tukasimama kimya dakika moja. Kisha MC akachomeka flashi kwenye televisheni, vipande vya Majuto vikaanza kupita, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Mzee mmoja wa kundi la drafti akanivuta kando. "Mwanangu, umeongea vizuri. Sasa hizi picha tunazoangalia, watoto wake kule Tanga wanapata shilingi ngapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Swali lile lilinipata mahali pabaya kuliko alivyojua. Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilifanya kazi kwenye kibanda umiza, nyuma ya stendi. Kazi yangu ilikuwa kukusanya mia mbili mlangoni na kubadilisha CD. CD zenyewe zilikuwa za kuchoma. Jalada la karatasi limetolewa fotokopi, jina la filamu limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Siku ya Rambo tulisikiliza sauti ya Lufufu ikitutafsiria. Siku ya Majuto hatukuhitaji mtafsiri, na mabenchi yalijaa mpaka watu wanakaa chini. Mama wauza dagaa, ambao walizungumza Kisukuma kutwa nzima na Kiswahili kwa kujilazimisha, walianza kucheka kabla hajafungua mdomo.

Hapo ndipo ningependa tuanzie tunapomuenzi. Majuto alikuwa mcheshi wa uso kwanza, maneno baadaye. Wachekeshaji wengi wa filamu zetu hukimbilia kelele: wanapiga mayowe, wanaanguka, wanavaa suruali iliyokatwa mguu mmoja. Yeye alijua kungoja. Anaambiwa jambo, anatulia, macho yanatoka, midomo inasogea kidogo, na katika ukimya huo mtazamaji anaona uongo ukipikwa. Jibu linapofika, kicheko kimeshatoka. Ni ufundi wa jukwaani, wa mtu aliyekua mbele ya watazamaji waliokuwa na uwezo wa kunyanyuka na kuondoka.

Huku Usukumani tunaujua ufundi huo. Bagika na Bagalu wanaposhindana ngoma, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na anayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Ukichosha watu, wanahamia kwa mwenzako.

Na kilichochekesha kilikuwa kitu kizito. Majuto aliigiza mara nyingi mzee anayestahili heshima kwa umri wake tu, halafu akatuonyesha heshima hiyo inaweza kubeba aibu kiasi gani kabla haijachanika. Mzee mwenye tamaa. Mzee muongo. Mzee anayemkwepa mkewe. Vijana tunaolelewa kuinama na kutoa shikamoo hata kwa mzee anayetudhulumu, tulipata dakika tisini za kuangalia koti lile la heshima likivuliwa hadharani, bila sisi kumkosea mtu adabu. Si ajabu kwamba moja ya filamu zake inaitwa *Shikamoo Mzee*.

Kumuenzi ni pamoja na kusema yaliyopungua. Hadithi nyingi alizopewa zilikuwa dhaifu kuliko yeye. Wanawake ndani yake mara nyingi walikuwa mtego au mzigo, na utani wa mzee na binti ulirudiwa mpaka ukapoteza makali. Filamu zilipigwa haraka kwa bajeti ndogo, na Majuto akawa nguzo ya kuegemeza chochote: weka uso wake kwenye jalada, itauzika. Alibeba. Lakini mtu anapobeba nyumba isiyo na msingi kwa miaka, hatuwezi kuishia kusifu mabega yake bila kuuliza aliyejenga ni nani, na alimlipa nini.

Jibu tulilipata vipandevipande mwaka 2018. Alipougua, Watanzania walichanga, Serikali ikasaidia, akapelekwa India kutibiwa. Mwaka huohuo Dkt. Harrison Mwakyembe, wakati huo waziri mwenye dhamana ya sanaa, aliunda kamati ya wanasheria kupitia mikataba ya wasanii, baada ya mikataba ya Majuto kuzua maswali. Uso ulioonekana kila mahali ulikuwa umeuzwa kwa bei ya kutupa. Na hakuwa wa kwanza kuchangiwa. Kenya, Benson Wanjau, yaani Mzee Ojwang wa *Vitimbi*, alichekesha taifa kwa miongo kadhaa, kisha akachangiwa ili atibiwe macho. Alifariki Julai 2015. Mpangilio ni uleule: tunacheka bure, mchekeshaji anaugua, bakuli linapita, tunajisifu kwa ukarimu.

Mimi sipingi bakuli. Wazazi wangu wamezikwa kwa bakuli. Ninachopinga ni kuita hisani kitu ambacho ni deni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu 1999, COSOTA ipo, na bado kile kibanda kilijaza watu usiku kwa usiku na hakuna senti iliyoelekea Tanga. Nikipiga hesabu ya watu sitini kwa mia mbili, mara mbili kwa wiki, kwa miaka miwili niliyokaa pale mlangoni, nafika zaidi ya milioni mbili za kibanda kimoja katika mji mmoja mdogo. Sehemu ya pesa hiyo ilininunulia madaftari. Unaweza kusema Majuto alinisomesha, na wala hakujua.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba mila zetu zilishalimaliza suala hili zamani. Nani hajaona mtani msibani? Watu wanalia, yeye anaigiza sauti ya marehemu, anakatalia jembe, wengine hudiriki kulala ndani ya kaburi lenyewe. Na hatoki mpaka alipwe. Hakuna anayeita malipo yale msaada. Ni haki yake, kwa sababu amefanya kazi ngumu kuliko wachimba kaburi: amewachekesha wafiwa. Hata mchezaji wa ngoma hutuzwa palepale, noti inabandikwa kwenye paji lenye jasho. Tulipohamisha ucheshi wetu kutoka uwanjani kwenda kwenye CD, kisha flashi, kisha simu, kicheko tulikibeba, noti tukaisahau.

Fainali ya drafti ilichelewa. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati, dada mmoja mwalimu, nikamuuliza kama sehemu ya makusanyo inaweza kwenda kwa familia ya mtu ambaye sura yake ilikuwa kifuani kwake. Alinitazama kwa huruma. "Kaka yangu, madawati hayatoshi. Watoto wanakaa chini." Alikuwa anasema kweli, na mimi sikuwa na jibu la kushindana na mtoto anayeandika akiwa amekaa sakafuni.

Yule mzee ndiye aliyeshinda drafti. Zawadi ilikuwa jogoo. Aliponiona ameketi naye amempakata, akauliza tena, "Umewauliza?" Nikasema nimeuliza. "Wakasemaje?" Nikamweleza habari ya madawati. Akatikisa kichwa muda mrefu, halafu akasema, "Basi wangeweka picha ya dawati kwenye fulana."

MC alikuwa amerudisha kipande kilekile kwa mara ya tatu. Majuto anaambiwa jambo, anatulia, macho yanatoka. Mzee akaanza kucheka na jogoo akaruka mikononi mwake. Na mimi nilicheka. Kisha nikatia elfu kumi kwenye ndoo ya madawati, nikijua vizuri kwamba deni langu haliko kwenye ndoo ile.