Kishikio Kisichoonekana: Kufundisha Kuchora kwa Umri wa Mtoto

Weka kikombe mezani, kigeuze mpaka kishikio kifichwe nyuma, halafu mwambie mtoto wa miaka sita achore anachokiona. Mara nyingi kishikio kitatokea kwenye karatasi, pembeni, tena kikubwa. Mwaka 1972 watafiti wawili, Freeman na Janikoun, waliwapa watoto wa miaka mitano hadi tisa kazi hiyo hiyo, ila kikombe chao kilikuwa na ua upande wa mbele. Wadogo walielekea kuchora kishikio wasichokiona na kuliacha ua lililokuwa mbele ya macho yao. Kwenye miaka minane hivi mambo yaligeuka.

Ni rahisi kusema kwamba wale wadogo hawakutazama. Walitazama. Waliombwa kikombe, wakatoa kikombe, na chombo kisicho na kishikio ni bilauri. Mfaransa Georges-Henri Luquet alishaeleza mwaka 1927 kwamba kuna umri ambao mtoto huchora anachokijua kuliko anachokiona, na hiyo ni njia kamili ya kuchora yenye kanuni zake.

Aliyezigeuza hatua hizi kuwa kazi ya darasani ni Viktor Lowenfeld, mwalimu wa Vienna aliyeikimbia Austria mwaka 1938 na kuishia Marekani. Kitabu chake cha 1947, *Creative and Mental Growth*, kilipanga umri hivi: kuchorachora kati ya miaka miwili na minne, watu wa kichwa na miguu tu hadi saba, kisha hadi tisa mchoro wenye kanuni, ambapo kila nyumba na kila mtu ana umbo lake lisilobadilika, halafu uhalisia unaanza kubisha hodi. Miaka hiyo ni ya kukadiria. Darasa la tatu moja linaweza kuwa na hatua tatu kwenye dawati moja.

Kwa wa kuchorachora, mwalimu ana kazi ndogo: karatasi kubwa, kalamu nene za nta, na mdomo uliofungwa. Mkono wa umri huo unasukumwa kutoka begani, kwa hiyo chaki kwenye sakafu ya saruji inafaa kuliko penseli na daftari. Swali la “hii ni nini?” lisiulizwe. Mtoto atabuni jibu ili kukuridhisha, na kuanzia hapo atachora kwa ajili ya jibu.

Penye utajiri ni miaka saba hadi tisa. Mwambie mtoto achore familia ikila pilau kwenye sinia. Sinia litakuwa duara kamili, limetazamwa kutoka juu. Walaji watalala chali kulizunguka, miguu nje, nyuso zote zikionekana, maana hakuna anayekubali kumchora bibi yake kisogo. Mwalimu mwenye haraka huchukua penseli na kuonyesha sinia “linavyopaswa” kuwa, yai lililobanwa. Darasa zima litamfuata, na wiki ijayo watasubiri achore ubaoni ndipo waanze. Kuna madarasa ambayo kila nyumba ina bati lile lile na mti ule ule upande wa kulia. Chanzo chake ni hapo.

Lowenfeld alikuwa na mbinu bora. Aliwahi kufundisha watoto wasioona, akajifunza kwamba wengine hujenga picha kutokana na mwili unavyohisi. Ndiyo maana mada zake zilianza na “mimi” na kitendo. Badala ya “chora watu wanakula”, uliza: ulikaa karibu na nani? Wali ulikuwa wa moto? Uliubonyeza na vidole vipi? Mchoro utakaofuata utakuwa na vidole, mahali ambapo ule wa kwanza ulikuwa na vijiti. Hujamsahihisha mtu.

Kisha inakuja miaka kumi, na raba. Mtoto anafuta mpaka karatasi inatoboka, halafu anasema hajui kuchora. Hapa ndipo ninapoachana na wale wanaotaka mtoto asiguswe kabisa, msimamo uliopata nguvu tangu madarasa ya Franz Cizek kule Vienna mwaka 1897. Ukimya uliomlinda akiwa na miaka mitano unamtelekeza akiwa na kumi na mmoja. Sasa anaiona tofauti kati ya picha yake na dunia, na anastahili kuonyeshwa: kitu kimoja kikifunika kingine, cha mbali kupanda juu na kupungua, kivuli kupatikana bila rangi nyeusi ya chupani. Sinia la yai, lililokuwa uharibifu miaka mitatu nyuma, sasa ni somo halali.

Marion Richardson, aliyeanza kufundisha Dudley, Uingereza, mwaka 1912, alikuwa na dawa nyingine kwa umri huu. Wasichana walifumba macho, naye akawasimulia mandhari mpaka kila mmoja aione kichwani, ndipo wapake rangi. Mwanafunzi wake, Margaret Trowell, aliileta mbinu hiyo Makerere mwaka 1937, kwa vijana waliokwisha kuvuka utoto. Kati ya waliopita mikononi mwake ni Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro.

Masimulizi yanaondoa woga wa karatasi tupu, lakini hayafundishi mkono. Mtoto mwenye soko zima la usiku kichwani, taa za chemli na moshi wa mishikaki, atakwama kwenye mchuuzi wa kwanza aliyesimama nyuma ya meza. Kwa hiyo ningeanza na robo saa ya zoezi moja kavu: chora chungwa, chora la pili likichungulia nyuma ya la kwanza, usichore kilichofichika. Ndipo macho yafumbwe. Wakati wa kusahihisha, alama ziende kwenye kufunikana tu. Miguu iliyopinda na mwezi wenye macho viachwe jinsi vilivyo hadi zamu yake ifike.