Stelingi Hafi: Kanuni Moja ya Uhakiki katika Mazungumzo ya Watazamaji wa Filamu, Malindi na Kilifi

1.0 Utangulizi

Mtazamaji wa filamu hatajwi mara nyingi katika uhakiki wetu wa Kiswahili, na anapotajwa huwa ni mtu wa kuhurumiwa tu: kijana aliyelewa picha za ngumi, au binti anayedhaniwa kujifunza mapenzi kutokana na nyimbo za Kihindi asizozielewa maneno. Ni nadra kwetu kuuliza mtu huyo anasema nini picha inapokwisha. Makala haya yanashikilia kwamba mazungumzo ya watazamaji, kama yanavyosikika katika baraza na vijiwe vya Malindi, Mambrui, Watamu, Takaungu na Kilifi, ni uhakiki wenye istilahi zake, kanuni zake na namna yake ya kuthibitisha hoja. Ili tusiseme kwa jumla mno, tutaichunguza kanuni moja tu, ile ijulikanayo na kila aliyewahi kukaa juu ya benchi la banda la video: stelingi hafi.

Stelingi (wengine hutamka steringi) ni neno lililotokana na Kiingereza cha matangazo ya sinema, ambako lilitangulia majina ya waigizaji wakuu. Kiswahili kimelifanya nomino na kumpa mwenyewe mpinzani wake, adui. Msomi anaweza kudhani kwamba stelingi ni jina la mitaani la mhusika mkuu. Sivyo. Mhusika mkuu, kwa mujibu wa vitabu vyetu vya fasihi, ni yule anayejitokeza zaidi na ambaye visa vinamzunguka. Stelingi ni yule ambaye hadhira imemkabidhi dai lake la haki. Mtu anaweza kujitokeza toka mwanzo hadi mwisho wa filamu na asiwe stelingi. Tofauti hii ndiyo msingi wa hoja yetu.

2.0 Banda, Baraza na Sauti ya Msimulizi

Afrika Mashariki ilizoea mapema filamu yenye sauti mbili, moja ya picha na nyingine ya mfafanuzi. Jaribio la filamu za elimu lililofanyika Tanganyika kati ya 1935 na 1937, likiwa na makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, lilitoa filamu za kilimo na afya ambazo zilionyeshwa vijijini pamoja na maelezo katika lugha za wenyeji. Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichoundwa na Waingereza mwaka 1939, kiliendeleza utaratibu huo kwa magari ya sinema. Huko Mombasa na Unguja, watazamaji waliojaa katika majumba ya sinema walizifuata filamu za Kihindi kwa miongo kadhaa bila ya wengi wao kuijua lugha hiyo, wakisaidiana kwa kunong'onezana. Kisha, kuanzia miaka ya 1980, kanda za video ziliitoa sinema katika majumba makubwa na kuiingiza katika vibanda vya mabati na makuti, penye jenereta, runinga moja, mabenchi, na ubao wa chaki mlangoni wenye majina ya picha za siku.

Katika mazingira hayo ndipo alipostawi msimulizi anayeitafsiri na kuitia chumvi filamu ya kigeni: Lufufu jijini Dar es Salaam, VJ Jingo nchini Uganda, na DJ Afro nchini Kenya, ambaye sauti yake imesikika katika mabanda mengi kuliko sauti ya mwigizaji yeyote wa Kikenya. Wataalamu wa fasihi simulizi watamtambua upesi. Huyu ni fanani. Anachopokea ni picha iliyokwisha kufungwa, na anachokitoa ni utendaji mpya.

Lakini makala haya hayamhusu yeye hasa. Yanamhusu yule anayemfuata: mtu aliyekwenda bandani usiku, na asubuhi, penye kahawa au chini ya mwembe, anawahadithia picha wale ambao hawakwenda. Kuhadithia picha kuna masharti yake. Anayeruka tukio hurudishwa nyuma na mwingine aliyekuwapo. Anayeongeza tukio huumbuliwa. Anayetoa hukumu bila ya kusimulia kwanza haruhusiwi kuendelea. Ataambiwa ahadithie kwanza. Kwa hiyo hukumu ya barazani daima husimama juu ya ushahidi uliosemwa mbele ya mashahidi, sharti ambalo makala mengi ya kitaaluma hayalitimizi.

3.0 Kanuni na Mitihani Yake

Kwa mtazamo wa kwanza, kauli kwamba stelingi hafi ni utabiri wa kitoto. Aristotle aliliweka anguko la shujaa katika kiini cha tanzia. Hapa tunaambiwa kwamba shujaa haanguki. Hans Robert Jauss angeuita huu upeo wa matarajio, yaani jumla ya mambo ambayo hadhira huyatazamia kabla ya kukutana na kazi. Katika picha nyingi za Hong Kong na Marekani matarajio hayo hutimizwa, na hapo kanuni haina la kutufundisha. Inaanza kufundisha pale inapovunjwa.

Tuchukue Sholay, filamu ya Ramesh Sippy ya mwaka 1975. Jai na Veeru, wahalifu wawili marafiki, wanakodiwa na Thakur, aliyekuwa afisa wa polisi, ili wamkamate jambazi Gabbar Singh, ambaye aliiua jamaa ya Thakur na kumkata yeye mikono yote miwili. Karibu na mwisho Jai anarusha sarafu ili kuamua nani abaki kuwazuia majambazi na nani aondoke. Anabaki yeye, na anakufa. Baada ya kifo chake Veeru anagundua kwamba sarafu ile ina sura moja pande zote mbili. Jai hakuwa akibahatisha, alikuwa amechagua.

Jai aliigizwa na Amitabh Bachchan, na kwa mashabiki wengi wa pwani jina hilo pekee lilitosha kumfanya stelingi. Je, kanuni imekufa pamoja naye? Hapa njia tatu za kuhoji zinafunguka. Ya kwanza hudai kwamba stelingi ni Veeru, kwa kuwa ndiye aliyebaki kumwandama Gabbar. Hoja hii inaiokoa kanuni kwa kumhamisha mwenye cheo. Ya pili hudai kwamba stelingi ni Thakur, kwa kuwa kisasi ni chake na wale wawili ni mikono aliyonyang'anywa. Huu ni usomaji wa ishara, na mhakiki yeyote angejivunia kuufikia. Ya tatu hushikilia kwamba stelingi ni Jai na kwamba hakufa kwa maana inayokusudiwa na kanuni, kwa kuwa hakuna aliyemshinda. Sarafu ndiyo shahidi.

Ni wazi sasa kwamba kanuni haikuwa utabiri. Ni chombo cha kuulizia. Inamlazimisha kila msemaji kuamua dai la haki lililo katika filamu ni la nani, na kisha kuonyesha tukio linalomuunga mkono.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Katika Mother India ya Mehboob Khan (1957), Radha, aliyeigizwa na Nargis, analea wanawe katika njaa na deni la mkopeshaji Sukhilala. Mwanawe Birju anakuwa jambazi, anamwua mkopeshaji, kisha anamteka binti wa marehemu siku ya arusi yake. Mama anampiga risasi mwanawe. Kwa nusu nzima ya filamu dai la Birju ni la haki kabisa, na hadhira iko naye. Linapofika tukio la kumteka msichana, dai hilo linamtoka mikononi. Baraza linalouliza ni wakati gani Birju aliacha kuwa stelingi linauliza swali lilelile ambalo wahakiki huliita mgeuko wa mhusika, ila linaliuliza kwa uzito wa watu ambao nao wana mabinti na madeni. Filamu hii inaonyesha pia kwamba ustelingi si mali ya wanaume peke yao, ingawa mazoea ya mabanda, ambayo kwa kawaida hujaa wavulana, yanaweza kutusahaulisha hivyo.

4.0 Kanuni Kabla ya Filamu

Kuna atakayesema kwamba tumeichukua kauli ya vijana na kuivisha joho. Jibu letu ni kwamba swali ambalo kauli hii inalibeba ni la kale katika pwani hii kuliko sinema. Kaskazini ya Malindi, karibu na mlango wa mto Tana, masimulizi yanamweka Fumo Liyongo, shujaa ambaye hakuna silaha iliyomwua isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Katika utendi unaohusishwa na Muhamadi Kijuma wa Lamu, wa mwaka 1913, siri hiyo inatolewa na mwanawe mwenyewe. Liyongo anachomwa usingizini, anaamka, anachukua upinde wake, na anakufa akiwa amepiga goti karibu na kisima, mshale ukiwa tayari. Watu wa mji wanaogopa kwenda kuteka maji, kwani hawajui kwamba aliyewaelekezea mshale ni maiti.

Stelingi wa pwani, basi, amekwisha kufa zamani. Lakini tazama utendi unavyokishughulikia kifo hicho: mwili unapoteza uhai huku ushujaa ukiendelea kutawala kisima. Anayedai kwamba Jai wa Sholay hakufa anafikiri kwa mantiki hiyohiyo. Hatusemi kwamba kila kijana wa Mambrui ameusoma utendi. Tunasema kwamba jamii iliyokwisha kulitatua tatizo hili katika ushairi haikulipokea likiwa geni lilipoletwa na filamu.

5.0 Udhaifu wa Kanuni

Uhakiki usioonyesha mipaka ya chombo chake ni sifa tupu. Kanuni ya stelingi ina kasoro mbili kubwa.

Ya kwanza ni kwamba inawasahau wengi. Walinzi ishirini wa adui wanaoanguka katika dakika moja hawana mlilizi barazani. Hakuna anayeuliza walikuwa wana wa nani. Watu wa ukanda ambao vijana wake wengi huajiriwa kuwa walinzi wa hoteli na nyumba za wageni wangekuwa na sababu ya kuuliza.

Ya pili inaonekana tukiijaribu kwa filamu inayoihusu pwani yenyewe. Katika Paradies: Liebe ya Ulrich Seidl (2012), Teresa, mwanamke wa Austria mwenye umri wa makamo, anakuja kutalii katika pwani ya Kenya na kuingia katika mapenzi na vijana wa ufukweni. Mmoja wao, Munga, anamwomba fedha za kuwasaidia jamaa zake. Baadaye Teresa anagundua kwamba aliyejulishwa kwake kuwa dada ni mke. Stelingi ni nani? Teresa amedanganywa, lakini ndiye mwenye fedha na ndiye anayechagua. Munga amedanganya, lakini ndiye anayenunuliwa. Kanuni inatafuta mwenye haki na adui, na filamu inakataa kutoa hata mmoja. Anayeifahamu Malindi, na uhusiano wake wa miaka mingi na wageni kutoka Italia, anajua kwamba hali hii si ya sinema tu. Hapa baraza linahitaji istilahi nyingine, na sisi wa vyuoni tungeweza kuchangia, kama tungekuwapo.

6.0 Supa Modo: Kanuni Inajihakiki

Filamu iliyoielewa kanuni hii kuliko zote ni ya Kikenya. Katika Supa Modo ya Likarion Wainaina (2018), Jo, msichana wa miaka tisa anayependa picha za ngumi na mashujaa wenye nguvu za ajabu, anaugua ugonjwa usiopona na anarudishwa kijijini kwao. Kijijini mna banda la video na msimulizi wake. Dada yake, Mwix, anawashawishi wanakijiji wamfanye Jo aamini kwamba ana nguvu hizo, na hatimaye kijiji kizima kinatengeneza filamu ambayo yeye ni shujaa wake.

Jo anakufa. Filamu haidanganyi kuhusu hilo, na mtoto mwenyewe anajua kuliko wakubwa wanaomficha. Mkurugenzi amechukua kauli ya bandani, akaiweka mbele ya kifo cha mtoto, na kuuliza kama ina thamani yoyote. Jibu analolitoa halimo katika maneno ya mhusika yeyote. Limo katika kazi ya watu wanaoshona vazi, wanaoshika kamera na wanaokubali kuwa maadui ili mtoto awe stelingi. Kasoro yetu ya kwanza nayo inapata jibu hapa: wale ambao kwa kawaida huanguka bila kulia mtu wamepewa nyuso, na ni majirani. Hivyo filamu hii inaitetea kanuni na kuirekebisha wakati uleule.

7.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba kauli moja ya watazamaji ina uwezo wa kuchambua wahusika, kupima mgeuko wao na kuhoji maana ya kifo cha shujaa, na kwamba ina mipaka inayojulikana. Kinachotia wasiwasi si ubora wa uhakiki huu bali mustakabali wake. Mabanda mengi sasa hupata riziki kwa mpira wa Ulaya, na picha hutazamwa katika simu na mtu mmoja mwenye visikizio masikioni. Zaidi ya hayo, msimulizi wa kanda, anayemtaja stelingi tangu dakika ya kwanza, anaweza kulifunga swali ambalo baraza lilikuwa likiliacha wazi.

Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba kozi zetu za fasihi simulizi ziwatume wanafunzi wakusanye masimulizi ya filamu kama wanavyotumwa kukusanya ngano na vitendawili, na wayaandike pamoja na maswali na mapingamizi ya wasikilizaji. Kwa Chuo Kikuu cha Pwani kazi hiyo haihitaji safari. Mji wa Kilifi umekizunguka. Atakayekwenda ajitayarishe kwa jambo moja. Akianza kutoa maoni yake kuhusu picha, ataambiwa ahadithie kwanza.