Heko Watunza Miti wa Dodoma

Kupanda mti Dodoma ni rahisi; kuuvusha kiangazi ndiyo kazi. Mvua hapa ni kama milimita 570 tu kwa mwaka, nyingi zikinyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki mche huishi kwa ndoo ya maji na uzio wa miiba unaozuia mbuzi. Tangu kampeni ya kuikijanisha Dodoma izinduliwe mwaka 2017, wengi wamepigwa picha na majembe mkononi. Hongera zangu ni kwa wanaobaki baada ya picha: wahudumu wa vitalu, madereva wa maboza, maofisa misitu wanaotetea maeneo ya wazi yasigeuzwe viwanja. Makao makuu ya nchi yanakua. Bajeti ya kumwagilia nayo ikue.